Nyumba Tatu za Kukaa Kimya

Nilimsikia akianguka, na sikufungua macho.

Naanza na hilo kabla sijamgusa mtu mwingine, maana najua watakaosema huyu mama anamwaga lawama kama maji machafu, kila mlango unapata. Sawa. Mlango wangu uwe wa kwanza. Ilikuwa siku ya saba ya kukaa kimya, asubuhi, katika saa ambayo mwalimu aliiita saa ya kutotikisika: ukishakaa hufungui macho, hufungui mikono, hukunjui miguu, hata nzi akitembea juu ya mdomo wako. Wanawake tulikuwa upande wa dirisha, wanaume upande wa ukuta. Mdogo wangu alikaa nyuma yangu, kushoto kidogo. Nilisikia kitu kama gunia linaloachiliwa kutoka begani, halafu kichwa kikagonga simenti.

Sauti ya mwalimu ikatoka mbele, polepole, kama ya mtu anayebembeleza mtoto: "Kile kinatokea, kinatokea. Kila mutu aangalie mwili yake. Yote inapita."

Nami nikaangalia mwili wangu. Nilikuwa nimefika kwenye goti la kulia. Nikashuka na akili yangu mpaka kwenye kifundo, nikashuka mpaka vidoleni, nikarudi utosini nikaanza upya kama tulivyofundishwa, na mdogo wangu yuko chini. Sijui zilipita dakika ngapi. Kengele ilipolia niligeuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kama matofali mabichi yaliyosahaulika kwenye jua. Nilimwinua peke yangu. Mwanamke tuliyezoea kubebana naye magunia ya samaki, nilimwinua kama kikapu kitupu.

Mwalimu akaja, akasimama juu yetu, hakuinama.

"Mama," akasema, "usipige kelele. Bengine beko bado mu kimya."

Hilo ndilo neno lake la kwanza kwangu siku ile. Nimelibeba tangu wakati ule mpaka leo, nywele zimekuwa nyeupe.

Sisi ni watoto wa kampuni. Anayejua Lubumbashi anaelewa, asiyejua nimweleze. Baba alifanya kazi kwenye tanuru za shaba, na kampuni ilitupa nyumba, hospitali, shule, na kila mwezi posho ya unga, mafuta na samaki. "Kampuni njo baba, kampuni njo mama," watu walisema hivyo bila kucheka. Mimi niliacha shule darasa la nne kwa sababu nilikuwa na mdomo, na masista hawakupenda mdomo. Mdogo wangu alifika la tano. Aliolewa na kijana wa tanuru vilevile, mtu mpole, mwenye kovu la moto kwenye shavu.

Halafu wakubwa wakaila kampuni. Nawataja: wakurugenzi walioletwa na ndege wakiwa na sanduku moja wakaondoka na kumi, mawaziri waliotia sahihi bila kushuka kwenye gari, na wageni wenye miwani waliokuja mwisho wakasema wafanyakazi ni wengi mno. Kwanza posho ilikatika. Kisha mshahara. Kisha orodha ikabandikwa ukutani, na jina la shemeji lilikuwamo. Vita vilikuwa kaskazini, askari walikuwa kwenye kila kizuizi, mabati yakaanza kushuka kutoka juu ya nyumba kwenda sokoni. Mimi niliuza samaki wakavu wa Kasenga, na kila kizuizi kilikula sehemu yake, hata nikifika mjini nauza harufu.

Shemeji akaenda kuchimba na wenzake kwenye shimo lililoachwa. Shimo likawafunika. Mwenye kujifanya mwenye shimo, mkubwa mmoja wa jeshi, hakuwatoa. Alileta mashine akasawazisha udongo juu yao, ili watu wasije kuangalia. Naye namtaja, ingawa simjui hata sura.

Tangu hapo mdogo wangu akaanza kusikia. Mimi aliniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, sikia."

"Nisikie nini?"

"Iko anagonga. Chini ya simenti."

"Ni panya."

"Panya haigonge tatu-tatu, Yaya."

Alikuwa anaacha bukari, ugali wetu, motoni, analala kifudifudi jikoni, sikio sakafuni. Mikono ikaanza kumtetemeka. Usingizi ukaisha. Nikampeleka kwenye chumba cha sala, cha kwanza, cha pili, cha tatu, kama tunavyofanya wote katika mji huu: hakuna anayeweka mayai yake kwa pasta mmoja. Yule wa tatu alimtazama mbele ya watu akasema, "Bwana yako hakukufa. Ulimufunga chini akutumikie. Mufungue!" Mjane asiye na hata sabuni! Ningekuwa mwanaume ningempiga. Lakini tulikuwa tumeshafunga kwake siku tatu kavu, bila chakula na bila maji, na mtu aliyefunga kavu hana nguvu ya kupiga.

Hili la kufunga kavu mlishike, maana ndilo lililomuua. Kwetu, mtu mwenye jambo zito anaingia retireti, yaani anajitenga kusali, na akiingia retireti anafunga mdomo. Hakuna anayekufundisha hilo, umelikuta kwa mama yako. Anayekunywa maji ni mtoto mchanga wa imani. Mdogo wangu alikuwa bingwa. Siku tatu kavu zilimpita kama mchana mmoja. "Miye niko ngamia," alikuwa anasema, "beye beko bata." Nasi mabata tulicheka.

Nyumba ya kwanza ya kukaa kimya tuliipata kwa ajili ya samaki. Bibi mmoja wa kizungu, mjane wa daktari, alinunua kwangu samaki wadogo kwa paka zake. Siku moja akaona mikono ya mdogo wangu. Hakuuliza pepo gani. Aliuliza, "Analala?" Akatuambia kwamba alikaa miaka huko Asia, kwa watawa wa Buda, akajifunza namna ya kukaa na kuona ndani. Akatukaribisha kwake asubuhi za Jumamosi.

Mimi nilishuku hapo hapo. Wazungu wengine walikuwa wamekimbia mara mbili, mara ya askari kuvunja maduka na mara ya vita. Huyu kwa nini amebaki? Anachunga nini? Lakini mdogo wangu alikuwa amekonda, nikasema twende tukaone, macho hayalipi.

Njia ya yule madamu ilikuwa kutaja. Unakaa, unasikiliza tumbo lako: likipanda unataja moyoni, kupanda, likishuka, kushuka. Mgongo ukiwasha hujikuni, unataja: kuwasha, kuwasha. Ukisikia gari: kusikia, kusikia. Halafu unasimama unatembea uani, mguu mmoja kwa muda wa kuvuta sigara nzima: kuinua, kupeleka, kukanyaga. Wafanyakazi wa jirani walipanda kwenye ukuta kutuangalia.

"Bamama ba kinyonga!" mmoja akapiga kelele. "Mutafika soko Krismasi!"

Mdogo wangu akajibu bila kugeuza shingo, mguu bado hewani: "Kutukana, kutukana."

Hata madamu alicheka. Nami nikafikiri, labda. Kwa wiki tatu nilifikiri, labda. Halafu mdogo wangu akaniambia njiani:

"Yaya, iko kintu kimoja. Bwana yangu anakuya, minataja: kukumbuka, kukumbuka. Anabakia. Minataja tena. Asubuhi yote minamutaja. Haitoke."

"Umeambia madamu?"

"Anasema niendelee kutaja."

Nikasimama katikati ya barabara. Kwetu maiti aliyezikwa vibaya haitwi mara mbili kwa siku moja. Sasa huyu bibi anamfundisha mjane kumwita mume wake asubuhi nzima, polepole, kwa mpango? Niliona kila kitu: paka, nyumba kubwa yenye kimya, mzungu asiyekimbia. Hatukurudi. Leo najua hakumaanisha kumwita mtu, alimaanisha kuliona wazo kama wazo. Lakini hakuuliza kwetu kutaja kunamaanisha nini, nami sikumwambia. Wote wawili tulikuwa na adabu nyingi.

Alipoona hatuji, alinikuta sokoni. Hakunilaumu. Alisema tu, "Usiende kwa wale wa kupitisha akili mwilini kuanzia kichwani. Wanawavunja watu." Nikasema moyoni: tazama, muuza unga anatukana unga wa jirani.

Nyumba ya pili ilikuwa ya fundi wa jenereta, njia ya Kinsevere. Mtu wa Sri Lanka, mweusi kutuzidi sisi, amezeeka na mafuta ya mashine kwenye kucha. Alikuwa amekaa Tanzania zamani, basi Kiswahili chake kilitufanya tuchekee ndani ya vitambaa. "Karibuni, akina mama, jisikieni mpo nyumbani." Mdogo wangu alinong'ona, "Iko anasema sawa radio."

Jumapili, akishafunga karakana, watu watano sita walikaa naye nyuma, kwenye kivuli cha matangi. Hakuwa na mpango wowote. Hakutaja, hakupitisha akili popote. Alituambia tukae tujue tu. Kama kuna hofu, jua kuna hofu.

"Basi?" nikamuuliza. "Njo yote?"

"Ndiyo yote, dada."

"Na nikishajua?"

"Ukishajua, yule anayejua hofu, je, naye anaogopa? Mtazame huyo."

Nilimwona mvivu au mjanja. Lakini jambo lililonitisha halikuwa hilo. Kabla ya kukaa, alipika. Wali, dengu, samaki wa mchuzi mkali, sahani kwa kila mtu, yeye mwenyewe anapakua. Hakuanza mpaka kila mtu amemaliza. Alikuwa anapita anaangalia sahani kama mama mkwe. "Dada mdogo, umeacha wali. Tumbo tupu linapiga kelele, halikai." Na mdogo wangu, aliyekuwa anakula kama ndege tangu shimo lilipofunga, alikula. Akaanza kulia akiwa anakula, akaendelea kula akiwa analia. Baadaye alikaa kivulini, na aliporudi nyumbani alilala mpaka jua likachoma mabati.

Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilimwita pembeni.

"Uko unaona ile mutu? Anapika peke yake. Analisha bibi ya bantu bure. Juu ya nini?"

"Juu iko muzuri, Yaya."

"Muzuri! Kila mulozi iko muzuri. Unafikiri uchawi inapita wapi? Inapita mu chakula."

"Weye ulikula sahani mbili."

"Nilikula juu ya kuangalia."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini nilimshinda, maana mimi ni yaya, na kwetu yaya akisema basi ni basi. Fundi alipojua hatutarudi hakukasirika. Nilimuuliza, kwa kumtega, kati ya njia zote hizi ipi ni ya kweli, nikingoja awatukane wengine kama madamu. Alifuta mikono kwenye tambara. "Shika ile inayomfanya mdogo wako ale na alale," akasema. Nikaona huyu hata biashara yake haijui.

Ndipo tukafika nyumba ya tatu, kule Annexe, mahali mashamba ya mahindi yanapoanza kuingiliana na nyumba. Huyu mwalimu alikuwa mtoto wa hapa hapa, kama mimi, kama wewe. Alisoma seminari, akaiacha, akaishi India miaka mingi, akarudi na nguo nyeupe na sauti ya chini. Alikuwa na kengele. Alikuwa na ubao wa saa za kuamka, kukaa, kula, kukaa, kukaa. Alikuwa na karatasi yenye muhuri. Na mimi ninayeshuku mkono unaonipa chakula, sikushuku muhuri. Watoto wa kampuni ndivyo tulivyo. Tulilelewa na mihuri, na mihuri ilipotuua tuliendelea kuiheshimu.

Njia yake: siku tatu unaangalia pumzi tu, hapa chini ya pua. Siku ya nne unaanza kupitisha akili mwilini, kutoka utosini mpaka vidoleni, kipande kwa kipande, bila kupenda, bila kuchukia. Siku kumi. Kimya kabisa. Usimtazame mwenzako usoni, hata kama ni ndugu. Wanawake mnakula mkigeukia ukuta.

Nilimwambia tumetoka kwa madamu na kwa fundi. Akatabasamu kama daktari anayesikia umepitia kwa mganga.

"Ile ya kutaja iko juu-juu, inapangusa majani. Ya fundi ni bulegevu. Hapa tunachimba mpaka ku muzizi. Lakini, mama, hapa hatuchanganye. Muntu mwenye kuchanganya dawa, nani atajua ni gani ilimuponyesha?"

Hilo lilinipata. Ni kweli tulikuwa tunachanganya. Mji mzima unachanganya. Nikasema, huyu ni mkali, huyu anajua, heri ukali.

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, pande mbili. Aliisoma mbele yetu wote haraka, kama padri anayesoma matangazo watu wakiwa wameshasimama. Mimi najua kuandika jina langu. Kusaini si kusoma, lakini ukiwa umesimama kwenye mstari na walimu wa shule mbele yako na karani nyuma yako, unasaini. Mdogo wangu alisaini chini yangu, herufi zake zinatetemeka.

Jioni ile, kabla kimya hakijaanza, aliniuliza kwenye mlango wa chumba: "Yaya, hapa tunafunga kavu siku yote kumi?"

Nami, bila kumuuliza mtu, nilijibu: "Anza na tatu. Utaona vile nguvu iko."

Kengele ikalia. Hatukuongea tena.

Siku ya kwanza nilifunga. Siku ya pili, saa tano, dirisha la jiko likafunguliwa, nikasikia harufu ya sombe, majani ya muhogo yenye karanga. Nikaona walimu wa shule wanachukua sahani, karani anachukua sahani. Kumbe inaruhusiwa kula! Nilikula nimegeukia ukuta, na aibu ikaniwasha masikio, kwa sababu mdogo wangu ngamia alikuwa nyuma yangu na mimi bata. Niliona miguu yake ikienda dirishani, ikirudi. Nikajiambia, naye ameona, naye anakula. Macho yalikuwa chini. Ilikuwa sheria. Ningegeuka mara moja tu ningeona. Sikugeuka, na sababu haikuwa sheria. Sikutaka anione ninatafuna.

Ile siku ya saba, alipoanguka, tulimpeleka hospitali kwenye baiskeli ya muuza makaa, kwa sababu gari la mwalimu, alisema, lilikuwa limekwenda kuleta maji. Daktari kijana alivuta ngozi ya juu ya mkono wake, akaiachia, ikabaki imesimama.

"Huyu mama amekunywa maji lini?"

"Kila siku," nikasema. "Chakula kilikuwako. Tulikuwa tunakula."

Akanitazama vile ninavyowatazama watu.

Kesho yake alifungua macho kidogo. Sauti haikuwapo, nilisoma midomo.

"Yaya. Siku ine kavu, maji kidogo, nikafunga tena. Nilifunga muzuri?"

"Muzuri."

"Na weye?"

"Nami vilevile," nikasema.

Figo zilikuwa zimeshasimama. Siku ya tatu ya hospitali alikufa, na kitanda kikachukuliwa kabla sijakunja shuka.

Sasa kwetu kuna jambo ambalo hata mlevi analijua. Mtu akifia mikononi mwako, unakuja matangani. Unasimama katikati ya viti, unaeleza: aliamka vipi, alikula nini, alisema nini, alianguka lini, ulifanya nini. Wazee wanauliza, unajibu. Unaweza kutukanwa. Lakini unakuja. Dereva aliyegonga mtu anakuja. Hata yule pasta wa tatu alikuja, akasimama na Biblia yake akasema alichosema, akazomewa na shangazi zangu mpaka akavaa kofia akaenda zake. Madamu alikuja, akakaa kwenye mkeka na miguu yake mirefu haijui iende wapi. Fundi alikuja na sufuria la wali kichwani, akaliweka, akakaa chini, hakuhubiri lolote. Mikono yake niliiangalia muda mrefu. Hata siku ile sikula wali wake. Nasema ukweli, sijisifu.

Mwalimu hakuja. Alimtuma mwanafunzi wake mwenye shati jeupe, na bahasha. Ndani kulikuwa na nakala ya karatasi yetu. Kaka yetu mkubwa akamwita mwalimu wa shule jirani aisome. Mstari wa nane ulisema ni marufuku kufunga chakula au maji. Chini, sahihi yangu. Chini yake, zile herufi zinazotetemeka.

"Shefu anasema pole," yule mwenye shati akasema. "Anasema pia marehemu alimwambia siku ya tano kwamba mwili umekuwa mwepesi, na ile sauti ya kugonga imenyamaza. Anasema mupate faraja. Alikuwa amefika mbali."

Nami nikashuku, na bado nashuku, kwamba hilo la kugonga ni kweli. Labda alipata alichokifuata. Lakini aliyenipa habari hiyo ni mtu anayejitetea, basi hata faraja yangu ni lazima niigeuze-geuze kama pesa ya bandia.

Mama mpishi wa nyumba ile alikuja siku ya mwisho, baada ya kuosha vyombo vya watu. Alinivuta nyuma ya choo.

"Mama, siku ya ine nilimwambia."

"Ulimwambia nani?"

"Mwalimu. Nilimubebea sahani mwenyewe. Nikamwambia, shefu, ule mama wa nyuma hakule. Sahani inarudi vile iliendaka, bukari haina hata kidole. Anaifunika na sahani ingine nisione. Na ndoo ya maji haigusi."

"Akasema je?"

"Akasema, mama, kazi yako ni kupika. Iko anashuka ndani, mwili yake inaanza kuyeyuka. Usimusumbue."

"Na weye ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Niko na batoto."

Basi naye namtaja, ingawa ndiye pekee aliyesema.

Miaka imepita. Kampuni haikufufuka, wengine walikuja na mashine mpya na magari meupe. Madamu alikufa. Fundi alirudi kwao, au alikwenda kwingine, sikuuliza. Mwalimu yuko. Nyumba yake ya Annexe sasa ina geti la chuma, na watu wanakuja na ndege kukaa kimya kwake. Wasichana wa mtaani kwangu wananiuliza, "Mama, ile kukaa ni muzuri? Tuende kwa nani?" Siwaambii Buda ni mwongo. Simjui. Nawaambia njia tatu nilizopita zilikuwa za mzee huyo mmoja, wanafunzi wanagombana nani anaishika vizuri, na mimi katika ugomvi wao nilichagua kwa kiburi na woga. Nyumba ya tatu niliichagua mwenyewe. Nilisema mwenyewe "anza na tatu." Hayo nimeshayaeleza mbele ya wazee, nimesimama katikati ya viti, nimejibu kila swali, na mama yangu alinigeuzia mgongo mpaka alipozikwa.

Zamu yako, mwalimu.

Wewe si mzungu, wewe si mtu wa Sri Lanka. Mama yako alifunga kavu kwenye parokia ile ile na mama yangu. Ukisema siku kumi za kimya kwa wanawake wa mji huu, unajua watafunga nini, unajua kabla ya kuandika mstari wa nane, na ndiyo maana uliuandika. Uliuandika kwa lugha ambayo hawaisomi. Karatasi yako nimeiona, usinitumie tena. Usitume mwenye shati jeupe. Pesa zako sizitaki, na usiniambie yote inapita. Njoo mwenyewe kwenye lupango letu, hapa uani kwetu, mchana, watu wakiona. Kiti kitakuwako. Wazee waliobaki ni wawili, nao hawasikii vizuri, basi utasema kwa sauti. Swali ni moja: siku ya nne, mpishi alipokuletea ile sahani mkononi, ulinyanyuka ukaenda kumwangalia mdogo wangu, au uliendelea kukaa?